Baiskeli na Miguu Yetu: Dawa Tuliyo Nayo Nyumbani



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa ni la watoto wa shule na la wanamichezo, yaani mazoezi ya mwili. Hatuna nia ya kumfanya kila mwanaparokia awe bingwa. Tunataka tuelezane jinsi familia ya kawaida ya hapa pwani, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini, inavyoweza kulinda afya yake kwa baiskeli na kwa miguu miwili aliyotupa Mungu.

Tuanze na kisa kimoja kilichotugusa sana.

Katekista na pikipiki

Katika parokia moja ya huku kwetu alikuwapo katekista aliyezunguka vigango vyake kwa baiskeli kwa miaka mingi. Jua likiwaka alikuwa barabarani. Mvua ikinyesha aliisukuma baiskeli kwenye tope. Waamini walimhurumia. Wakachanga, nasi tunaoandika ukurasa huu tukatoa mchango wetu, akanunuliwa pikipiki. Siku ya kukabidhiwa tulipiga makofi na vigelegele.

Kazi ilikwenda vizuri zaidi. Alifika mapema, aliwahi kurudi nyumbani, wagonjwa hawakumngojea tena. Lakini mwili wake ulibadilika. Mwaka wa kwanza mkanda ulisogea tundu moja, mwaka wa pili tundu jingine. Sisi tulimtania kwamba sasa anaonekana mtu mwenye neema. Hakuwa na maumivu yoyote, kwa hiyo hakwenda kupima chochote. Asubuhi moja, akiwa anapanga vitabu vya ibada, mkono wake wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, na maneno yakawa hayaeleweki. Ilikuwa kiharusi. Hospitalini ilionekana kwamba shinikizo lake la damu lilikuwa juu sana, na yaelekea lilikuwa hivyo kwa muda mrefu bila yeye kujua.

Je, pikipiki ndiyo iliyomwangusha? Hatuwezi kusema hivyo. Shinikizo la damu lina sababu nyingi: kurithi, umri, chumvi nyingi, uzito, tumbaku, pombe na kukaa bila kutumia mwili. Wapo pia waendesha baiskeli wanaougua. Lakini jambo moja ni wazi. Siku tulipompa pikipiki tulimwondolea mazoezi yake yote, wala hatukuweka kitu mahali pake. Tena hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, "Mwalimu, nenda ukapime." Kosa hilo ni letu sote, na ndiyo maana tunaandika somo hili.

Mwili hufaidika namna gani?

Moyo ni msuli. Kama mkono wa mvuvi anayevuta nyavu kila siku unavyopata nguvu, ndivyo na moyo unaotumikishwa vema unavyopata nguvu. Moyo wenye nguvu husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo haulazimiki kupiga mara nyingi. Mtu mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Aliyezoea mazoezi mara nyingi huwa karibu na 60, au hata chini ya hapo. Jipime mwenyewe asubuhi kabla ya kutoka kitandani: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Andika. Baada ya miezi mitatu ya mazoezi hesabu tena, uone tofauti.

Faida ya pili ni ya mishipa ya damu. Mazoezi huisaidia ibaki laini na yenye kutanuka, na hivyo shinikizo hushuka. Faida ya tatu ni ya sukari. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu na kuitumia kama moto unavyotumia kuni. Ndiyo sababu mazoezi ni kinga ya kisukari cha ukubwani, na kwa aliyekwisha kuugua ni sehemu ya matibabu yake pamoja na chakula na dawa. Zaidi ya hayo mtu hulala vizuri, hupunguza mawazo, na mifupa yake huimarika.

Kiasi gani kinatosha?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Utajuaje kama ni ya wastani au ni mazito? Tumia kipimo cha maneno. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hayo ni ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, hayo ni mazito.

Sasa tufanye hesabu. Mtu anayeishi kilometa 5 kutoka kazini, akiendesha baiskeli kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa, hutumia dakika 20 kwenda na dakika 20 kurudi. Kwa siku tano za kazi amepata dakika 200. Hakutenga saa ya mazoezi, hakulipa nauli, na amekwisha kupita kiasi cha chini kinachotakiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 70. Kwa mwendo huo huo ni karibu saa tano. Hiyo si safari ya kila siku ya mtu anayetakiwa kufanya kazi akifika. Anayefanya kazi mbali anaweza kwenda na baiskeli hadi kituo cha basi, akaiacha mahali salama penye mtu anayemfahamu, kisha akapanda daladala. Asiye na baiskeli ashuke kituo kimoja au viwili kabla ya kwake, amalizie kwa miguu.

Baiskeli iwe nzima na ikufae

Watu wengi huacha baiskeli kwa sababu magoti na mgongo vinawauma, kumbe ubaya ni wa kiti. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukikunja goti sana, kiti kiko chini mno. Ukilazimika kuinamisha nyonga upande mmoja, kiko juu mno. Wakati wa kuendesha, kanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, si kwa kisigino.

Kila asubuhi angalia mambo matatu: breki zinashika, matairi yamejaa upepo, mnyororo haujalegea. Hewa ya bahari ina chumvi na hula chuma upesi, kwa hiyo futa mnyororo na uupake mafuta kidogo kila wiki, na mara nyingi zaidi ukipita mchangani. Ukisikia kitu kinagonga, mpelekee fundi mapema. Breki mbovu haingoji mwisho wa mwezi.

Akina mama na akina dada waendeshe bila haya. Khanga au gauni pana lisiachwe likining'inia, maana mnyororo na njiti za gurudumu huvuta nguo na kumwangusha mtu. Lifungwe vizuri, au ivaliwe suruali ndani. Wazazi wanaopakia watoto kwenye keria wahakikishe miguu ya mtoto ina mahali pa kukanyaga, mbali na njiti. Vidonda vya kisigino kutokana na njiti huchukua muda mrefu kupona.

Barabarani

Hapa tuseme wazi: faida yote tuliyoitaja inaweza kupotea kwa dakika moja. Barabara ya Bagamoyo ina mabasi, malori ya mchanga na pikipiki zenye haraka. Tufuate kanuni hizi:

1. Mwenye baiskeli aende upande wa kushoto, pamoja na magari. Anayetembea au kukimbia mahali pasipo na njia ya miguu aende upande wa kulia, ayatazame magari yanayomjia.

2. Mkiwa wengi, mfuatane mmoja nyuma ya mwingine.

3. Vaa nguo ya rangi nyeupe au ya kung'aa. Alfajiri na jioni baiskeli iwe na taa mbele, na kioo chekundu au taa nyekundu nyuma. Nguo nyeusi gizani ni sawa na kujificha.

4. Kabla ya kukata kona tazama nyuma, kisha nyosha mkono.

5. Vaa kofia ngumu ukiweza kuipata. Usiweke redio ya masikioni. Masikio yako ni macho ya nyuma.

6. Ikiwapo njia ya ndani ya kijiji, ifuate hata kama ni ndefu kidogo. Kuzidisha kilometa moja ni mazoezi zaidi.

Na wewe msomaji mwenye gari au pikipiki, mpishe mwenye baiskeli kwa nafasi ya kutosha. Yule unayempigia honi aondoke ni baba wa watu.

Tukumbuke pia upepo. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, anayeelekea Dar es Salaam huusukuma upepo kifuani. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, anayeelekea Bagamoyo ndiye anayeusikia. Siku hizo toka nyumbani mapema zaidi, kanyaga polepole, wala usishindane na upepo.

Kukimbia: anza kwa kutembea

Mtu aliyekaa miaka kumi bila kukimbia asiamke kesho na kukimbia kilometa tano. Moyo na mapafu huzoea mapema, lakini mishipa ya misuli, magoti na mifupa huchelewa. Fuata utaratibu huu, siku tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati:

Wiki ya 1 na ya 2: tembea kwa haraka dakika 30.

Wiki ya 3 na ya 4: kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10.

Wiki ya 5 na ya 6: kimbia dakika 2, tembea dakika 1, rudia mara 10.

Wiki ya 7 na ya 8: kimbia dakika 5, tembea dakika 1, rudia mara 5.

Baada ya hapo jaribu kukimbia dakika 20 bila kusimama. Ukishindwa, rudia wiki iliyotangulia, hakuna anayekuandikia. Anayetaka umbali mrefu aongeze kidogo kidogo, yapata sehemu moja ya kumi kwa wiki. Haraka haraka haina baraka.

Mahali pa kukimbilia tumejaliwa. Kutoka Bagamoyo mjini hadi magofu ya Kaole ni kama kilometa 5, safari nzuri kwa aliyekwisha kuzoea. Ufukwe nao unafaa, lakini kwa kujua maji. Kimbia wakati wa maji kupwa, kwenye mchanga mgumu ulioachwa na bahari. Mchanga laini wa juu huchosha na hutegua vifundo vya miguu. Maji hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo waulize wavuvi kabla ya kupanga saa. Na kwa kuwa ufukwe umelala upande mmoja, ukienda upande huu urudi kwa njia hiyo hiyo, ili mguu mmoja usibebe mzigo siku zote. Viatu viwe vya kutosha kidole gumba kisiguse mbele.

Joto, maji na chakula

Joto la pwani lina unyevu. Jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa hiyo fanya mazoezi kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mtu mgeni aliyetoka mikoa ya baridi ajipe wiki mbili za kuzoea.

Kunywa maji safi kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Ukizidi saa moja, kunywa njiani pia. Mkojo wa rangi nzito ni dalili ya kwamba maji hayatoshi. Dafu linafaa. Aliyetokwa na jasho jingi mno anaweza kutengenezewa maji haya: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo. Kwa matembezi ya kawaida maji matupu yanatosha. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiyafanye maji ya sukari na chumvi kuwa kinywaji cha kila siku.

Wakati wa kufunga, iwe ni sisi katika Kwaresima au jirani zetu Waislamu katika Ramadhani, tupunguze mwendo. Aliyefunga bila maji atembee tu, saa ya karibu na kufuturu.

Mtu akipata kizunguzungu, kichwa kikali, kichefuchefu au akianza kuongea ovyo baada ya kukimbia juani, mwondoeni juani mara moja. Mlegezeeni nguo, mmwagieni maji, mpepeeni. Kama amechanganyikiwa au amezimia, msimnyweshe kitu. Endeleeni kumpoza mkiwa njiani kumpeleka hospitali.

Nani amwone mganga kwanza?

Wafuatao wapimwe na kushauriwa kabla ya kuanza: mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, mwenye selimundu, maana upungufu wa maji huweza kumletea maumivu makali, mama mjamzito, na yeyote aliyezidi miaka 40 ambaye hakuwa na mazoezi kabisa. Mwenye kisukari anayetumia insulini achukue kitu chenye sukari mfukoni. Mwenye homa asikimbie. Apime malaria, atibiwe, apone kwanza.

Simama mara moja na utafute msaada ukisikia kifua kinabana, maumivu yanayoelekea mkononi au tayani, pumzi kukata kuliko kawaida, au moyo kwenda mbio ovyo. Na dalili za kiharusi kila mtoto nyumbani azijue: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kutatanika. Akionekana mtu hivyo, msingoje kesho wala kutafuta wa kumchua. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Tujifunze kwa wakimbiaji wetu

Nchi yetu ina historia nzuri ya mbio. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na akashinda New York mwaka 1989. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alishinda mbio ndefu za kilometa 42 za dunia huko Tokyo, akiwa Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Miaka minane kabla yake, London 2017, alikuwa amepata shaba. Angalieni uvumilivu huo: miaka minane kati ya shaba na dhahabu.

Na nani asiyemjua John Stephen Akhwari? Mexico 1968, akiwa ameumia goti, aliendelea hadi mwisho na kuingia uwanjani mshindi akiwa amekwisha kupewa zawadi. Tunampenda kwa moyo wake wa kutokata tamaa. Lakini mfano wake tusiuige vibaya. Yeye alikuwa amebeba jina la taifa kwa siku moja. Sisi tunabeba afya ya familia kwa miaka mingi. Mtu wa kawaida akiumia goti, apumzike. Kutokata tamaa kwetu ni kuanza tena wiki ijayo.

Tumalizie

Mnataka kujua habari za katekista wetu. Yu hai. Anameza dawa zake kila siku, na kila mwezi hupima shinikizo la damu kwenye zahanati. Kila asubuhi hutembea na fimbo hadi kanisani na kurudi, mwanzo mita mia, sasa zaidi ya kilometa moja. Pikipiki inaendeshwa na kijana anayemsaidia, kwa vigango vya mbali tu. Vya karibu huendewa kwa baiskeli ile ile ya zamani, iliyotiwa matairi mapya. Tulipomtembelea alituambia, kwa maneno yanayotoka polepole, kwamba zawadi yetu ilikuwa nzuri. Kisha akaongeza, "Mngenipa na kipimo."

Basi, tusingoje kuambiwa hivyo na mwingine. Juma hili kila mtu mzima akapime shinikizo la damu, hata kama haumwi. Kisha tuitoe baiskeli ghalani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika Jumuiya

1. Katika familia yetu, nani hajapima shinikizo la damu mwaka huu? Atapelekwa lini, na nani atamsindikiza?

2. Ni safari zipi za chini ya kilometa 5 tunazopanda pikipiki au daladala ambazo tungeweza kwenda kwa baiskeli au kwa miguu?

3. Watoto wetu wanapita wapi waendapo shule? Je, kuna njia iliyo salama zaidi?

4. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini ili akina mama nao wapate nafasi ya kutembea au kukimbia pamoja mara tatu kwa wiki?